Mwenye Duka Aliyeanza Kuchechemea

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata Bibi, ambaye tunalala chumba kimoja na anajua mpaka ninachoota. Nina kazi. Ninayo tangu Agosti. Haina mshahara, haina bosi ninayemjua kwa sura, na ofisi yake ni simu ya Mama.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna jukwaa mtandaoni ambapo watu huuliza maswali na wengine huyajibu bure. Ukijibu vizuri unapewa nyota. Nyota zikiongezeka unapanda daraja na kupewa beji mpya kando ya jina: Chipukizi, Mjuzi, Mbobezi, Gwiji. Mimi ni Mbobezi. Huko naitwa Kalamu Tulivu. Nimeshajibu kuhusu mmeng'enyo wa chakula, kuhusu ngeli, kuhusu kwa nini paka hukojolea viatu. Hilo la paka sikuwa na hakika nalo.

Ukifika Gwiji unapewa cheti chenye muhuri wa dhahabu. Unakichapisha mwenyewe. Zinatakiwa nyota elfu moja. Ninazo mia tisa na kumi na mbili.

Sasa nije kwenye ufunguo. Leo Mwalimu wa Fasihi ametangaza kwamba anatafuta mtunza maktaba mpya. Maktaba yetu zamani ilikuwa stoo ya madawati mabovu. Ina rafu tatu, meza moja, kompyuta moja yenye michirizi ya kijani kwenye skrini, na mlango. Mwenye ufunguo anaruhusiwa kukaa humo mapumziko yote. Watu wa kawaida hawawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Mimi tangu kidato cha kwanza mapumziko yangu huyamalizia bombani, nikijifanya nanawa mikono. Dakika ishirini kila siku. Shule nzima hakuna mwenye mikono safi kama yangu.

Mwalimu atachagua Jumanne ya wiki ijayo. Anataka mtu anayependa vitabu na asiye mwongo. Kiranja wa darasa letu ameshanyoosha mkono. Hajawahi kuazima kitabu, ila sauti yake inafika barabarani.

Mpango: nipate cheti cha Gwiji kabla ya Jumanne, kisha nikisahau kwa bahati mbaya juu ya meza ya Mwalimu.

Kikwazo: Kidole Juu. Ni Mbobezi mwenzangu. Anajibu kabla yangu, anataja mpaka kurasa. Simjui. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi

Ilinibidi nimwambie Bibi. Siri ya miezi saba imedumu siku moja tangu niiandike.

Mpango ulikuwa safi. Bibi aulize swali kwa simu yake, mimi nijibu kwa simu ya Mama, yeye anipe nyota tano. Turudie mpaka zijae. Bibi akakubali, ila akasema kwa umri wake hawezi kuuliza swali la uongo. Ataulizia goti lake.

Niliandika aya nne. Nilianza na muundo wa goti. Nilitaja gegedu mara sita. Nilipobonyeza Tuma, Kidole Juu alikuwa ameshamaliza, mistari mitatu tu. Shikamoo Bibi, pole sana. Likande kwa maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Likivimba usikae nyumbani, nenda kwa daktari.

Bibi akampa nyota tano. Mimi akanipa mbili.

Nikamuuliza nimekosea wapi. Akasema mwenzangu amemsalimia. Nikamkumbusha kuwa nilimsalimia asubuhi, tena uso kwa uso, nikampelekea na chai. Akasema, "Ya asubuhi ni ya asubuhi. Huko umeniingilia kama mtoza ushuru."

Sasa wanaandikiana, yeye na Kidole Juu. Jioni nimemsikia akiichekea simu.

Jumla: mia tisa na kumi na nne.

Jumatano, 5 Machi

Leo mtu anayejiita Mwanafunzi Mwenye Haraka ameuliza hivi: "Je, wanakijiji walimwonea mwenye duka? Fafanua." Ni swali la Mwalimu wa Fasihi, neno kwa neno, kutoka kwenye kitabu chetu cha hadithi. La kukusanya kesho. Kwa hiyo Mwenye Haraka yuko darasani kwetu.

Dhamiri ilinisumbua. Ilinisumbua kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Halafu nikaona kwamba Kidole Juu bado hajajibu.

Kitabu nilikuwa nimekiacha shuleni, nikaandika kwa kukumbuka. Nadhani ni jibu langu bora kuliko yote. Kuna mahali nimesema mwenye duka anavuka uwanja kwa mguu wake unaochechemea, watu wakimtazama, na kila hatua ni shtaka. Kila hatua ni shtaka. Niliisoma mbele ya kioo.

Nyota zikaanza kuingia kabla chai haijaisha. Mpaka jioni, sitini na tano. Mmoja ameandika, "Mungu akuzidishie, mzee wetu." Sijui kwa nini mzee, lakini nimeguswa.

Baadaye nikalinakili jibu lilelile kwenye daftari langu. Ni langu. Na kila mtu alilipa nyota tano, kwa nini nihangaike kuandika baya zaidi?

Jumla: mia tisa sabini na tisa. Nimebakiza ishirini na moja. Najiona nimeshaushika ufunguo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Madaftari tumekusanya vizuri, mabaya yalikuwa nyumbani.

Mama ni fundi wa kushona. Wateja humwandikia kwenye simu. Jukwaa nalo hulia kila nyota inapoingia, nami nilitarajia nyingi, kwa hiyo Jumanne niliizima simu sauti ili Mama asishtuke. Jumanne hiyohiyo mteja mmoja akaandika kwamba amebadili mawazo, gauni la binti yake liwe la mikono mifupi. Mama hakuuona ujumbe. Ameshona mikono mirefu, tena yenye vifungo vitano vitano.

Mteja amekuja leo. Mama hakubishana naye. Alichukua mkasi. Mkasi wa Mama una namna yake ya kusema.

Mteja alipotoka, Mama akaniuliza nimekuwa nikifanya nini na simu yake. Nikamwambia yote. Akauliza hao watu ninaowafanyia kazi wananipa nini. Nikasema nyota. Na nyota zikijaa? Beji. Akauliza beji hiyo inashonewa wapi. Nikasema haishonwi, inakaa kwenye simu.

"Simu yangu?"

Nikasema ndiyo.

"Basi ni beji yangu," akasema, akarudi kwenye cherehani.

Hukumu: nusu saa ya simu kwa siku, baada ya kuvifumua vile vifungo vyote kumi bila kuharibu kitambaa. Bibi alijaribu kunitetea. Alisema kuna vijana wanafanya mabaya zaidi na simu. Mama akamwambia na yeye apunguze kucheka na watu asiowajua.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ni mbaya kuliko jana.

Mwalimu wa Fasihi aliingia na rundo la madaftari, hakukaa. Akauliza taratibu, kama mtu anayeulizia njia, mwenye duka alianza lini kuchechemea.

Watu wakatazamana.

Akafungua daftari la kwanza, akasoma: mguu wake unaochechemea, kila hatua ni shtaka. La pili, vilevile. La tatu. Akasema jana jioni ilibidi airudie hadithi nzima akidhani uzee umemwingia. Mwenye duka ana miguu miwili mizima. Anayechechemea ni mlinzi wa ghala, na mlinzi wa ghala yuko kwenye hadithi nyingine kabisa. "Ishirini na tatu," akasema. "Watu ishirini na tatu mmekaa mkamlemaza mtu mzima ambaye hajawakosea kitu."

Daftari langu lilikuwa la tisa. Nilihesabu.

Kiranja akasimama. Lazima nikiri ana ujasiri. Akasema hatukuokota jibu jalalani, tumelipata kwa mtaalamu. Anaitwa Kalamu Tulivu, ni profesa mstaafu, miaka kama sitini. Mtu wa nyuma akaongeza kwamba amefiwa na mke. Mwingine akasema ndiyo maana anaandika kwa uchungu vile. Nilimhurumia yule mzee mpaka machozi yakanilenga.

Mwalimu akasema wote ishirini na tatu tumepata sifuri, na hakuna mnakili atakayegusa ufunguo wa maktaba. Nikapiga hesabu. Darasa lina watu thelathini na wanne. Wamebaki kumi na moja, na tisa kati yao hawakuandika chochote.

Lakini akaacha upenyo. Asiyenakili asimame Jumatatu, ajitetee mbele ya wenzake.

Mimi sikunakili. Ni mimi mmoja darasa zima ninayeweza kusema hivyo. Ila nikisema, nitakuwa nimekiri kwamba mguu niliuvunja mimi. Tena nitatakiwa kusema kwa sauti, nimesimama, watu wakinitazama.

Mapumziko nilikaa bombani mpaka maji yakakatika.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango: kulifuta jibu. Lisipokuwepo, hakuna ushahidi, na profesa atakuwa amejifia zake kwa amani.

Nusu saa yangu yote imeishia hapo. Jibu halifutiki. Halirekebishiki pia. Baada ya siku moja linakuwa mali ya jukwaa, imeandikwa kwenye masharti, kifungu cha thelathini na moja. Masharti hayo niliyakubali Agosti kwa muda wa kupiga chafya.

Nikawaandikia wenye jukwaa, nikaeleza kwamba kuna mtu asiye na hatia ambaye mguu wake umeharibika. Jibu likaja papo hapo. Wananishukuru kwa mchango wangu na wamenizawadia utepe wa buluu.

Kwa hiyo sasa nina utepe.

Nilipokuwa nautazama, Kidole Juu akaandika chini ya jibu langu, watu wote waone: "Mwenye duka hachechemei. Tazama ukurasa wa kumi na nne. Mwandishi amechanganya hadithi mbili. Hata hivyo, sentensi yake ya hatua na shtaka ni nzuri."

Nilimchukia. Kisha nikasoma sentensi ya mwisho tena nikapunguza kidogo. Watu wameanza kuzirudisha nyota zao.

Jumla: mia tisa arobaini na moja.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi Bibi akatangaza kwamba ana mgeni wa chai saa kumi. Mama akauliza mgeni gani. "Wa goti," akasema Bibi. Walipoandikiana waligundua kwamba anakaa nyuma ya tangi la maji, mitaa miwili kutoka kwetu.

Kidole Juu, nyumbani kwetu. Niliandaa sentensi tatu za kumwambia, zote kali, nikazikariri nikifagia.

Saa kumi kamili akapiga hodi. Nilichungulia dirishani. Alikuwa Mwalimu wa Fasihi, amevaa shati la Jumapili, kwapani ana mfuko wa mpira wa kuwekea maji ya moto.

Nikajificha nyuma ya sanamu la Mama la kupimia nguo. Lilikuwa limevaa gauni lile lisilo na mikono. Bibi akaniita mara moja, mara ya pili akaniita kwa jina la marehemu babu, maana yake amekasirika. Nikatoka.

"Njoo umsalimie mgeni. Mwanangu, huyu mjukuu wangu. Mko wote humohumo mtandaoni. Yeye ndiye Kalamu Tulivu."

Nikasema shikamoo. Naamini nilisema. Mwalimu alishika kikombe hewani mpaka chai ikaacha kutoa moshi. Halafu akasema, "Kumbe."

Mama akauliza kutoka kwenye cherehani kama Mwalimu naye anafanya kazi hiyo ya bure. Mwalimu akasema ni kuchangia elimu ya jamii. Ameichangia kwa miaka miwili. Mama akauliza kama ana beji. Akamwonyesha. Mama aliitazama kwa muda, akarudisha simu. "Mimi nilidhani ni utoto," akasema. "Kumbe ni ugonjwa."

Nilimsindikiza hadi mlangoni. Akaniambia anajua sasa nani hakunakili, lakini hawezi kunisemea. Mwenye mdomo ni mimi. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akapiga hatua mbili, akageuka, akaangalia kama Mama anasikia, akauliza kwa sauti ya chini nina nyota ngapi.

Nikamtajia.

Yeye ana mia tisa themanini. Alikwenda zake akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Jumatatu, 10 Machi

Kiranja alianza. Alijitetea dakika nne. Alisema si ajabu watu wawili wenye akili kuona mguu mmoja. Darasa likampigia makofi. Mwalimu akamwuliza mguu gani, wa kulia au wa kushoto. Akakaa.

Nikasimama. Nikasema, "Kalamu Tulivu ni mimi."

Hakuna aliyesikia. Mwalimu akaniomba nirudie. Nikarudia. Wakacheka mpaka kifutio kikaanguka ubaoni.

"Wewe?" akasema Kiranja. "Hata tukiitwa majina, 'nipo' yako tunaisoma midomoni."

Wa nyuma akasema huko ni kumkosea heshima mzee wa watu, tena mjane.

Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa anafuta miwani. Nilielewa. Akisema anajua, lazima aseme amejuaje, na Kidole Juu ndiye aliyefanya kazi zote za Kemia za kidato cha pili mwaka huu. Mwalimu wa Kemia amelalamika mpaka kwenye kikao cha wazazi. Aliifuta miwani kwa muda mrefu sana.

Ningekaa. Kila kiungo changu kilitaka kukaa. Lakini nilifikiria bomba, na miaka miwili ya mapumziko iliyobaki, na mikono yangu. Basi nikaendelea kusimama. Nikasema nilichanganya na mlinzi wa ghala kwa sababu kitabu nilikuwa nimekiacha kwenye dawati. Nikasema sentensi ya shtaka niliiandika kwenye meza ya Mama, katikati ya vipande vya kitambaa, na kwamba sijafiwa na mke. Nikasema samahani kwa ule mguu. Safari hii nadhani walisikia, kwa sababu hakuna aliyecheka.

Mwalimu akavaa miwani. Akasema ni kweli. Akasema anajua kwa sababu yeye ndiye Kidole Juu.

Vichwa vyote vikageuka kwake. Kisha sauti ya nyuma ikauliza, kwa adabu kabisa, kama ni hivyo basi Mwalimu anaweza kutusaidia Jiografia ya kesho.

Sifuri yangu imebaki palepale. Mguu ni mguu, Mwalimu amesema. Lakini sikunakili.

Jumanne, 11 Machi

Ninao. Ni mdogo, una kutu, umefungwa na uzi mwekundu. Nimeuvaa shingoni.

Mwalimu alinikabidhi mlangoni pa maktaba na uso wa mtu mwenye msiba. Nikadhani amejutia. Akanionyesha tangazo la jukwaa la asubuhi hii. Majibu yetu yote yametumika kufundisha mashine. Kuanzia leo mashine ndiyo itakayojibu. Madaraja yamefutwa, vyeti vimefutwa. Wanatushukuru kwa moyo wetu wa kujitolea.

Alikuwa na nyota mia tisa tisini na sita.

Nikampa pole. Alipokea kwa mikono miwili, kama pole ya kweli.

Tukaiwasha kompyuta ya maktaba, mlango wazi, tukaiuliza mashine kuhusu mwenye duka. Ikajibu bila kusita kwamba anachechemea na kila hatua ni shtaka. Jina langu hakuna. Ukurasa wa kumi na nne wa Mwalimu pia hakuna. Mwalimu akasema angalau wameithamini sentensi.

Kisha akasema sasa nimeona mwenyewe. Kazi ya ufunguo huu pia haina malipo, lakini ninaowafanyia nitawaona sura. Wakitaka vitabu niwafungulie, basi. Nikasema nimeelewa.

Na nimeelewa kweli. Naandika hapa ili nije nijisomee: sitawafanyia tena kazi ya bure watu nisiowajua. Nimepigia mstari. Nimepigia wa pili.

Alhamisi, 13 Machi

Wameniandikia.

Wanasema mashine inakosea. Wanatafuta watu mia moja tu, waliochaguliwa kwa uangalifu kutoka dunia nzima, wawe Walezi wa Mashine. Kazi ni kusoma majibu yake na kuyasahihisha, arobaini kwa mkupuo mmoja. Malipo hayapo kwa sasa. Kuna beji mpya. Inazunguka.

Mia moja tu, dunia nzima.

Mapumziko nilifungua maktaba, nikaketi, nikawasha kompyuta. Nilikuwa nimefika jibu la kumi na sita mlango ulipogongwa. Nikafungua kiasi cha kutoa pua. Alikuwa Kiranja, na nyuma yake wengine wanne. Sijawahi kumwona upande ule wa shule. Akasema anataka kitabu. Nikauliza kitabu gani. Akaangalia viatu vyake, akasema chochote, mradi kisiwe na maswali mwishoni.

Nikamwambia maktaba iko kwenye ukaguzi.

"Dakika tano tu, jamani," akasema. Sikujua kama ana sauti ndogo kama ile.

Nikasema kesho. Akasema sawa. Wakaondoka, wote watano, wakaenda kusimama kule bombani.

Nikafunga mlango nikarudi mezani. Jibu la kumi na saba lilikuwa kuhusu mapafu ya chura, na lilikuwa na makosa mawili. Niliyasahihisha, nikabonyeza Tuma, nikafungua la kumi na nane.